Uruguay Ilivyoutua Mzigo wa Ukame

Mwezi Septemba 2004 wananchi wa Uruguay waliambiwa wasogeze saa zao mbele kwa dakika 60. Mvua zilikuwa haba, maji ya mabwawa yalikuwa yameshuka, na serikali ilitaka jioni ziwe na mwanga wa jua kwa muda mrefu zaidi ili taa ziwashwe kwa kuchelewa. Ukiitazama kwa haraka, hatua hiyo ni ndogo. Ukiitafakari, inasikitisha: nchi nzima inabadili saa ya kuamka na ya kulala kwa sababu mto umepungukiwa maji. Miaka 11 baadaye, mwaka 2015, utaratibu huo ulifutwa. Watu wa biashara na utalii walikuwa wameulalamikia kwa muda, na safari hii haikubaki hoja ya umeme yenye nguvu ya kuutetea.

Kati ya tarehe hizo mbili ndipo kilipo kisa hiki. Mara nyingi husimuliwa kama habari ya upepo: nchi ndogo ilisimamisha minara, mapanga yakazunguka, mafuta yakaachwa. Masimulizi hayo hayana uongo, lakini yanaruka sehemu ngumu. Upepo ulikuwepo Uruguay tangu zamani na hakuna aliyeuzuia. Kilichobadilika ni jibu la swali hili: mvua isiponyesha, nani analipa? Nitalifuata swali hilo mpaka mwisho, maana naamini ndilo lililoamua kila kitu.

Mito miwili na bomba moja

Uruguay ina watu takriban milioni 3.4 na ng'ombe takriban milioni 12. Imekaa kati ya Argentina na Brazil. Haizalishi mafuta, haina gesi yake wala makaa ya mawe, na sheria ya mwaka 1997 ilipiga marufuku umeme wa nyuklia. Ilichojaliwa ni maji. Río Negro unaikata nchi katikati, na juu yake yapo mabwawa matatu yaliyofuatana: Rincón del Bonete lililoanza kuzalisha mwaka 1945, Baygorria la mwaka 1960, na Palmar la mwaka 1982. Upande wa magharibi, kwenye mto Uruguay, kuna Salto Grande, bwawa la ubia na Argentina lenye mitambo 14 na jumla ya megawati 1,890, ambazo nusu yake ni haki ya Uruguay. Baada ya hapo hapakubaki mahali pengine pa kujenga bwawa kubwa.

Kwa hiyo umeme wa Uruguay ulikuwa msafi kwa kiasi kikubwa hata kabla ya mnara wa kwanza wa upepo. Miaka ya mvua nyingi, kama 2002 na 2003, mabwawa yalitoa karibu umeme wote wa nchi. Mwaka 2008 yalitoa takriban nusu tu. Hapo ndipo penye kidonda. Umeme wa maji ukipungua hivyo, nusu iliyobaki lazima itoke mahali, tena leo, kwani watu hawawezi kuambiwa wasubiri mvua.

Miaka ya 1990 wakuu wa sekta walidhani wamelipata jibu. Argentina ilikuwa na gesi nyingi na ya bei nafuu, basi likajengwa bomba la Cruz del Sur kutoka Buenos Aires hadi Montevideo, likafunguliwa mwaka 2002. Miaka miwili tu ikapita. Mwaka 2004 Argentina yenyewe ilipungukiwa na gesi ikaanza kubana mauzo ya nje. Bomba likabaki pale, bila kasoro yoyote, likipitisha kiasi kidogo mno kulinganisha na matumaini yaliyolijenga.

Sipendi kuilaumu Argentina kwa hilo. Serikali yoyote yenye wananchi wanaotetemeka kwa baridi itawapa gesi wao kwanza. Kosa lilikuwa kuamini kwamba jirani mwenye ziada leo atakuwa na ziada miaka yote. Kuhusu kununua umeme wenyewe kutoka kwa majirani, shida ilikuwa ileile kwa sura nyingine: ukame unaokausha Río Negro mara nyingi huwa umepita kwao pia, na unapohitaji sana kununua, naye ana sababu ya kuuza ghali au kutouza kabisa.

Yakabaki mafuta. Hesabu yake si ngumu, na inafaa kufanywa polepole. Pipa moja la mafuta lina nishati ya takriban megawati-saa 1.7. Mtambo wa kuchoma mafuta hugeuza kiasi cha asilimia 35 tu ya joto hilo kuwa umeme, lililobaki hupotea hewani na kwenye maji ya kupozea. Kwa hiyo pipa zima linakupa megawati-saa 0.6, yaani yuniti 600. Julai 2008 pipa lilifika dola 147 katika soko la dunia. Gawanya: karibu senti 25 za dola kwa kila yuniti, na hapo hujasafisha mafuta, hujayasafirisha, hujamlipa fundi hata mmoja. Shirika la umeme la taifa, UTE, lililoanzishwa mwaka 1912, lilikuwa linaingia katika mwaka wa aina hiyo bila kujua utadumu miezi mingapi. Likipandisha bei, wananchi wanaumia. Likiacha bei ilivyo, shirika linakopa. Vyovyote vile, mzigo wa mawingu yaliyokataa kunyesha ulikuwa umebebwa na Uruguay peke yake.

Mwanafizikia na meza ya vyama vinne

Mwaka 2008 serikali ya Rais Tabaré Vázquez ilimteua Ramón Méndez Galain kuwa Mkurugenzi wa Taifa wa Nishati. Alikuwa mwanafizikia wa chembe ndogo za maada, mtu wa chuo kikuu, bila historia ya kazi katika sekta ya umeme. Aliguswa na hali ya nchi yake, akaisoma, akaandika mapendekezo, kisha akaitwa ayatekeleze. Alikaa kwenye kiti hicho mpaka mwaka 2015.

Waandishi wengi humfanya Méndez kuwa shujaa wa kisa hiki, na anastahili heshima kubwa. Ila kazi yake ninayoiona kubwa kuliko zote haikuwa ya kifizikia. Sera ya nishati ya 2005 hadi 2030 ilipitishwa na serikali mwaka 2008. Ingeweza kuishia hapo, kama sera nyingi zinavyoishia kabatini uchaguzi unapobadilisha mawaziri. Badala yake ilipelekwa kwenye meza ya vyama vyote vyenye wabunge. Mwaka 2010 Frente Amplio kilichokuwa madarakani, pamoja na Partido Nacional, Partido Colorado na Partido Independiente, waliiafiki sera hiyo kuwa ya nchi.

Kwa nini nasisitiza karatasi ya wanasiasa kuliko vipimo vya upepo? Jiweke katika nafasi ya mwekezaji. Mtambo wa mafuta ni rahisi kuujenga na ghali kuuendesha. Ukikwama kisiasa, unaacha kununua mafuta na hasara inakuwa na kikomo. Mtambo wa upepo uko kinyume chake. Gharama karibu yote unaimwaga mwanzoni, mnara ukishasimama huna pa kuuhamishia, na fedha zako zinarudi taratibu kwa miaka 20. Miaka 20 katika nchi ya kidemokrasia ni chaguzi nne. Mwekezaji asipoamini kwamba wapinzani wa leo wataheshimu mkataba kesho, ama hatakuja kabisa, ama atakuja na riba ya kujilinda, na riba hiyo italipwa na mwenye mita ya umeme nyumbani.

Makubaliano hayo yalikuja kupimwa baadaye. Mwaka 2020 Partido Nacional kilichukua serikali chini ya Luis Lacalle Pou, na mwaka 2025 Frente Amplio kikarudi na Yamandú Orsi. Mikataba ya upepo iliendelea kulipwa.

Ndani ya mkataba

Upepo wenyewe ulikuwa umeshajaribiwa kwa kiasi. Katika vilima vya Sierra de los Caracoles, jimbo la Maldonado, UTE ilikuwa imeanza na kituo cha megawati 10. Lengo la awali la sera halikuwa la kutisha: megawati 300 za upepo na 200 za kuchoma mabaki ya mimea ifikapo mwaka 2015. Mnada wa kwanza mkubwa wa upepo ulikuwa wa megawati 150, na bei iliyopatikana mwaka 2010 ilikuwa takriban dola 85 kwa megawati-saa. Mwaka 2011 ukaitishwa mwingine wa kiasi kilekile. Safari hii bei ikashuka hadi dola 63 na kitu.

Bahati ilichangia, na ni haki kuitaja. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, soko la Ulaya lilipoa. Watengenezaji wa mitambo walikuwa na viwanda visivyo na wateja, na kampuni za ujenzi zilikuwa zinatafuta nchi yoyote yenye upepo na mlipaji mwaminifu. Uruguay ilifungua mlango wakati wageni wamejaa barazani.

Kisha serikali ikafanya jambo la akili. Waliokosa katika mnada wa 2011 iliwaambia: mkiikubali bei ya karibu na ya washindi, njooni tusaini. Wengi wakaja. Lengo la megawati 300 likapitwa mbali, na ndani ya miaka michache nchi ikawa na takriban megawati 1,500 za upepo.

Sasa tuufungue mkataba wenyewe. Kiini chake ni kwamba UTE inanunua umeme wote wa kituo kwa miaka 20, kwa bei iliyowekwa kwa dola, yenye fomula ya kuirekebisha kadiri miaka inavyokwenda. Chukua kituo cha megawati 50 katika eneo lenye upepo mzuri. Tuseme mitambo inatoa, kwa wastani wa mwaka, asilimia 40 ya uwezo wake. Mwaka una saa 8,760. Zidisha: megawati-saa 175,200. Kwa dola 65 kila moja, mapato ni takriban dola milioni 11.4 kwa mwaka, na kwa miaka 20 ni karibu dola milioni 228. Kukijenga kituo hicho kwa bei za wakati ule kulihitaji kiasi cha dola milioni 100. Benki ikiyaona mapato yanayotabirika hivyo, yenye saini ya shirika la taifa, inakopesha bila woga mwingi. Dawa ya deni ni kulipa, na UTE ilikuwa imeshajijengea jina la kulipa.

Tazama mzigo ulivyogawanywa. Mtambo ukichelewa kujengwa, hasara ni ya mwekezaji. Ukiharibika, ni yake. Upepo ukivuma chini ya makadirio yake, ni yake pia, kwa sababu analipwa kwa umeme aliotoa. UTE kwa upande wake imechukua hatari ya soko: mahitaji yakipungua, bado inanunua, bei ya mitambo ikishuka duniani, bado inalipa ile ya zamani, na kituo kikiamriwa kipunguze kwa sababu gridi imejaa, mwenye kituo analipwa kwa umeme ambao angeutoa. Hatari mbili zilizokuwa zikiitesa nchi, mawingu na bei ya pipa, zimepungua nguvu. Mahali pake limekaa deni linalojulikana ukubwa.

Kuna tawi la habari hii ninalolipenda kwa dhati. Baadhi ya vituo UTE ilivijenga kupitia mifuko ya dhamana na kuuza hisa zake nchini. Kituo cha Pampa huko Tacuarembó, chenye megawati 140 hivi, kilipata fedha kwa njia hiyo: mifuko ya pensheni iliweka sehemu, na wananchi wa kawaida kwa maelfu wakaweka akiba zao ndogo. Wafugaji nao wanalipwa kodi ya ardhi kwa kila mnara, na ng'ombe wao wanaendelea kulisha chini yake. Mtu anayefaidika na mnara hachoki kuuona.

Bwawa linalofanya kazi kwa kufungwa

Hofu ya wahandisi wengi ilikuwa ya kweli. Upepo haupokei amri. Unaweza kuvuma saa kumi alfajiri watu wamelala na kunyamaza saa mbili usiku, wakati wa majira ya baridi, kila nyumba ikiwa imewasha hita na jiko. Katika nchi yenye mahitaji ya juu kabisa ya megawati zipatazo 2,000, kuingiza 1,500 za upepo kulionekana kama kumkabidhi mtoto usukani.

Uruguay ilikuwa na kitu ambacho nchi nyingi hazina kwa uwiano huo: mabwawa yake ya zamani. Namna ya kuyatumia ndiyo iliyobadilika. Zamani swali la kituo cha kuongoza gridi lilikuwa: leo tufungulie maji kiasi gani ili nchi iwake? Sasa swali ni: upepo ukiwa umetupa hiki, maji kiasi gani tunaweza kuyaacha yalale?

Tuone kwa hesabu. Katika bwawa ambalo maji yanaanguka mita 30, kuzalisha megawati-saa moja kunahitaji takriban mita za ujazo 13,600. Usiku mmoja upepo ukiiwezesha mitambo ya bwawa hilo kupunguza megawati 100 kwa saa sita, zimehifadhiwa megawati-saa 600, sawa na mita za ujazo zaidi ya milioni nane zilizobaki nyuma ya ukuta. Hakuna betri iliyonunuliwa. Valvu zimebanwa tu. Tena Río Negro una zawadi ya ziada: maji yakitoka Bonete yanapita Baygorria, yakitoka Baygorria yanaingia Palmar. Tone lililohifadhiwa juu litafanya kazi mara tatu siku litakapoachiwa.

Ushirika huo wa upepo na mabwawa una mipaka. Bonete ndilo lenye hifadhi ya miezi. Salto Grande lina nguvu kubwa lakini ziwa lake hujaa na kupungua upesi, mvua ikiwa kubwa hakuna namna ila kuyapitisha maji. Kwa hiyo kuamua tone lipi litumike leo na lipi lisubiri ni kazi nzito ya makadirio. Chuo kikuu cha taifa, Universidad de la República, kilitengeneza programu ya SimSEE ambayo huiga mfumo mzima, mvua, upepo, mahitaji na bei, na kuonyesha thamani ya maji yaliyomo bwawani kwa wakati ule. Maji yakiwa na thamani ndogo kuliko mafuta, yanatumika. Yakipanda thamani kwa sababu kiangazi kinakuja, yanatunzwa na mtambo wa mafuta unawashwa mapema kidogo. Naomba msomaji aipe heshima kazi hii isiyopigwa picha. Mnara wa upepo unaonekana kutoka barabarani. Maarifa ya kufunga valvu kwa saa sahihi hayaonekani popote.

Nguzo za pembeni zilisaidia pia. Viwanda vikubwa vya massa ya karatasi, cha kwanza Fray Bentos mwaka 2007, huchoma kimiminika cheusi kinachobaki baada ya kuchemsha mbao, vinajitosheleza kwa umeme na kuuza ziada kwenye gridi. Jua ni sehemu ndogo, asilimia chache. Upande wa Argentina kuna njia nene za msongo mkubwa kupitia Salto Grande. Upande wa Brazil palikuwa na kikwazo cha kiufundi, kwa kuwa umeme wa Uruguay huzunguka mara 50 kwa sekunde (hezi 50) na wa Brazil mara 60, hivyo kikajengwa kituo cha kugeuza cha megawati 500 karibu na Melo. Na mitambo ya akiba haikutupwa: Punta del Tigre ina mtambo wa zaidi ya megawati 500 unaoweza kutumia gesi au dizeli, uliokusudiwa kwa siku ambazo maji na upepo vyote vimegoma.

Kununua bima dhidi ya mawingu

Kuna kipande kimoja cha kisa hiki ambacho, kwa maoni yangu, kinafundisha kuliko vyote. Minara haiwi mingi kwa siku moja. Kati ya mkataba kusainiwa na mapanga kuzunguka kuna miaka, na katika miaka hiyo ukame ungeweza kuja tena na kuifilisi UTE kabla dawa haijafika.

Sheria ya mwaka 2010 ilikuwa imeanzisha mfuko wa kutuliza nishati: miaka ya mvua weka fedha, miaka ya ukame chota. Halafu mwishoni mwa 2013 UTE ikanunua, kupitia Benki ya Dunia, bima ya dola milioni 450 iliyohusu hali ya hewa na bei ya mafuta, kwa miezi 18 kuanzia Januari 2014 hadi Juni 2015. Mvua ilipimwa katika vituo 39 vya hali ya hewa ndani ya mabonde ya mito. Kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, malipo yanatolewa. Na bei ya mafuta ikiwa juu wakati huohuo, malipo yanaongezeka. Hakuna haja ya kuthibitisha hasara kwa mafaili na mashahidi, chombo cha kupimia mvua ndicho shahidi.

Hebu fikiria mabadiliko hayo. Mwaka 2004 jibu la ukame lilikuwa kusogeza saa ukutani na kuwaomba watu wazime taa. Miaka tisa baadaye shirika lilelile liliuweka ukame mezani kama bidhaa yenye bei, likamlipa mtu mwingine aubebe kwa muda. Ndiyo maana nimekataa kukiita kisa hiki cha upepo.

Bili ya nyumbani

Hapa lazima niwe mkweli kwa msomaji ambaye angetaka kukinakili kisa hiki kizima kizima. Umeme wa nyumbani nchini Uruguay haukuwa wa bei chee. Gharama ya kuuzalisha ilishuka sana ukilinganisha na njia ya mafuta, Méndez amesema mara nyingi kuwa ilipungua kwa karibu nusu, lakini bei kwa mwananchi imebaki miongoni mwa zile za juu katika eneo lile. Sababu moja ni kwamba UTE, ikiwa mali ya umma, hupeleka sehemu ya faida yake katika hazina ya serikali. Nyingine ni ile mikataba. Bei ya dola 63 ilikuwa nzuri mno mwaka 2011. Miaka michache baadaye dunia ilikuwa inauza upepo kwa bei ya chini zaidi, na UTE ilikuwa imefungwa kwa miaka mingi iliyobaki. Juu ya hayo, kuna usiku ambao mahitaji hayafiki megawati 1,000, upepo unavuma kwa nguvu, jirani hataki kununua, na umeme ambao haukuzalishwa unalipiwa.

Wapo wanaosema kwa hoja hizo kwamba Uruguay ilinunua upepo mwingi mno na mapema mno. Nimewasikiliza, na sikubaliani nao, ila nakubali kwamba hesabu yao inapaswa kuwekwa wazi mbele ya wananchi. Anayepima mikataba ile kwa bei za baadaye anasahau ilikuwa inachukua nafasi ya nini. Yuniti ya senti sita na nusu haikushindana na yuniti ya senti tatu ambayo haikuwepo. Ilishindana na ile ya senti 25 iliyokuwa inachomwa. Ninacholaumu ni kwamba nafuu iliyopatikana haikufikishwa vya kutosha kwenye bili ya familia ya kipato kidogo, na huo ni uamuzi wa kugawana. Upepo hauhusiki.

Takwimu za asilimia nazo zinataka macho. Mwaka 2017 karibu asilimia 98 ya umeme uliozalishwa Uruguay ulitokana na nishati jadidifu. Mwaka 2021 ilishuka hadi takriban 85. Mtu akiishia hapo atasema mpango umeporomoka. Ukweli ni kwamba Brazil ilikuwa katika ukame mkali na ikanunua umeme kwa bei ya juu, kwa hiyo Uruguay iliwasha mitambo yake ya mafuta kuzalisha umeme wa kuuza nje. Nchi iliyokuwa ikiombaomba umeme nyakati za kiangazi ilikuwa sasa inamuuzia jirani mwenye kiangazi.

Jaribio kali lilikuja 2022 na 2023. La Niña, hali ya kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki inayovuruga mvua, ilileta ukame wa miaka mitatu, mbaya kuliko mingi iliyokumbukwa. Bwawa la Paso Severino linalolisha Montevideo maji ya kunywa lilikauka karibu kabisa, na mamlaka ya maji ikalazimika kuchanganya maji kutoka karibu na Río de la Plata, mto mpana unaochanganyika na maji ya bahari. Katikati ya 2023 maji ya bombani yalikuwa na chumvi, watu wakapanga foleni madukani kwa maji ya chupa, serikali ikayaondolea kodi. Mateso hayo yalikuwa ya kweli, hasa kwa wagonjwa wa shinikizo la damu na figo. Lakini maduka hayo yalikuwa na taa. Hakukuwa na mgao wa umeme, na hakuna aliyeagizwa kusogeza saa. Mabwawa yalitoa kidogo, mitambo ya mafuta ilifanya kazi zaidi ya kawaida, na hata hivyo sehemu kubwa sana ya umeme wa mwaka huo, takriban asilimia 90, ilikuwa jadidifu. Mji uleule, ukame uleule: maji yalikuwa na chanzo kimoja kikuu, umeme ulikuwa na vinne.

Kilichobaki ni kigumu, maana umeme ni sehemu tu ya nishati ya nchi. Malori yanayobeba magogo kwenda viwandani, trekta za mashamba ya soya, mabasi na magari binafsi bado vinakunywa mafuta yanayosafishwa La Teja, katika kiwanda cha ANCAP, shirika la taifa lililoanzishwa mwaka 1931. Mwishoni mwa 2017 ilifunguliwa njia ya vituo vya kuchaji magari kutoka Colonia kupitia Montevideo hadi Punta del Este, na mwaka 2020 mabasi ya umeme yaliongezeka jijini. Gari linalochajiwa saa saba usiku ndilo hasa mteja anayekosekana kwa ule upepo unaolipiwa bure.

Na saa ya mikataba inakwenda. Vituo vilivyoanza kati ya 2013 na 2017 vitamaliza miaka yao 20 kati ya 2033 na 2037. Minara mingine itakuwa imechoka, mingine itahitaji mapanga mapya tu, na deni la ujenzi litakuwa limelipwa. UTE italazimika kukaa tena mezani na wenye vituo, safari hii ikinunua umeme wa mtambo ambao gharama yake ilishalipwa na mwenye mita.